Hakuna wa kugonga bodi

Muuzaji aliingia ndani ya trela, akaruka juu ya sakafu mara mbili tatu kwa buti zake nzito, kisha akatutazama akisubiri tukubali. Lilikuwa trela la farasi wawili, la chuma, limepakwa upya rangi ya kijivu, tairi zinang'aa kwa weusi. Alisema limebeba farasi tangu watoto wake wako shule ya msingi, na sasa watoto hao wana watoto wao.

Nikamwomba tuinue mkeka.

Hakukataa. Alisema tu kwamba mikeka ile ya mpira ni mizito, na hilo ni kweli, mmoja unaweza kupita kilo 40. Mimi na shemeji, aliyekuwa anatafuta trela la farasi wa binti yake, tukashika ncha mbili za nyuma, tukaukunja kuelekea mbele. Kilichotoka kwanza ni harufu ya mkojo, ile inayochoma macho. Mbao zilikuwa nyeusi na zina unyevu, ingawa mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Nikatoa kisu cha mfukoni, nikasimamisha ncha yake kwenye ubao wa upande wa kushoto, nikakisukuma kwa kiganja bila kutumia nguvu.

Kiliingia hadi kwenye mpini.

Nikajaribu upande wa kulia. Huko kilikwama mapema, mbao zilikuwa bado ngumu. Muuzaji akasema tutandike plaiwudi juu, yaishe. Tukamshukuru, tukaondoka. Siku chache baadaye tangazo lake likatoweka mtandaoni, na tangu hapo kila nikipishana na trela la kijivu kwenye Paris Pike, barabara ya hapa Lexington, Kentucky, najikuta nachungulia chini ya mlango wake wa nyuma.

## Kwa nini upande wa kushoto

Ukisafirisha farasi mmoja katika trela la wawili, humweka upande wa dereva. Hapa Marekani upande huo ni kushoto, kwetu Kenya ni kulia, lakini sababu ni ileile: barabara nyingi zimeinuka katikati na kuinamia pembeni ili maji ya mvua yatiririke. Uzito ukikaa upande wa katikati ya barabara, trela halielemei mtaroni. Wakiwa wawili, aliye mzito zaidi ndiye hukaa upande huo.

Kwa hiyo trela la mwenye farasi mmoja huoza upande mmoja. Mkojo wa miaka yote umeshuka mahali palepale, ukapenya kwenye maungio ya mikeka, ukatuama kati ya mpira na mbao ambako jua wala upepo haufiki. Mkeka uliowekwa ili farasi asiteleze ndio unaoficha ubovu. Wenye sakafu za alumini nao wasijipongeze. Alumini haiozi, lakini mkojo huila polepole, ikapata vishimo na unga mweupe. Dawa yake haina ufundi wowote: zoa samadi kila baada ya safari, na mara kwa mara inua mikeka, osha, acha sakafu ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Haya si mageni kwa yeyote anayefanya kazi za farasi. Kilichonikera ni kule kuruka. Yule bwana ana kilo tisini, labda mia. Farasi wa mbio aliyekomaa ana kilo 450 hadi 550, zinazosimama juu ya kwato nne ndogo, na dereva akikanyaga breki, karibu zote zinaweza kuhamia kwenye kwato mbili. Mtu kuruka juu ya mkeka hakupimi chochote. Lakini inaonekana kama kipimo, na mnunuzi mwenye haraka huondoka ameridhika.

## Swali la shemeji

Shemeji ni mtu wa Bukavu. Alifika Lexington baada ya miaka katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na kama wengi wetu wazungumzaji wa Kiswahili hapa Kentucky, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzoa samadi kwenye mashamba ya farasi. Binti yake, mpwa wangu, hajawahi kuzoa samadi kwa lazima. Yeye anapanda. Mwaka jana akapata farasi aliyestaafu mbio. Mji huu una farasi wengi wa namna hiyo, wasioshinda, wanaouzwa kwa bei isiyofika ya pikipiki mpya. Farasi kupatikana ni rahisi. Kumfikisha Kentucky Horse Park asubuhi ya mashindano ya vijana ndiyo shughuli.

"Shemeji," akaniuliza, "hii gari yangu iko na nguvu. Itavuta?"

Gari lake ni Toyota Highlander, ndugu wa ile tunayoiita Kluger nyumbani. Mifano yake ya injini ya V6 kwa muda mrefu imewekewa kikomo cha kuvuta pauni 5,000, yaani kama kilo 2,270. Tukakaa mezani na kalamu. Trela la chuma la farasi wawili likiwa tupu, kilo 1,400. Farasi wake, kilo 500. Wa rafiki wa binti, ambaye bila shaka atapewa lifti, 500 nyingine. Matandiko, maji, majani makavu, sanduku la vifaa, tuseme 100. Jumla 2,500.

"Imezidi kidogo tu," akasema.

Na jibu la swali lake lilikuwa ndiyo. Ingevuta. Barabara tambarare, injini ya Kluger ingelichukua trela lile bila kulalamika, na angefika Horse Park akinipigia simu kunicheka. Ndiyo maana naliona swali hilo kuwa bovu, linajibiwa haraka mno. Kikomo cha mtengenezaji kinapima mambo mengi kuliko nguvu za kuvuta: breki, springi, joto la gia, uimara wa fremu. Na kuna jambo ambalo karatasi ile haisemi. Gari fupi na jepesi likivuta kitu kizito kuliko lenyewe, kuna sekunde fulani, kwenye mteremko au upepo, ambapo trela ndilo linaloamua mwelekeo.

Kuna namba nyingine ambayo wanunuzi hawaisomi hata wakiwa na pikapu kubwa. Iko kwenye stika ya fremu ya mlango wa dereva, inataja uzito wote ambao gari linaruhusiwa kubeba, watu na mizigo. Pua ya trela, ile ncha ya mbele inayoshikana na gari, huelemeza uzito wake juu ya gari, na kwa trela la kawaida inatakiwa iwe na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Kwa mfano wetu ni kilo 250 hadi 375. Ongeza baba, mama, watoto wawili na mbwa, na namba ya mlangoni imeisha kabla hujaweka tandiko.

Shemeji aliitazama ile karatasi kwa muda. Halafu akauliza kama farasi hawezi kupunguzwa chakula wiki moja kabla.

## Baba mdogo na lori

Baba yangu mdogo alikuwa saisi, mtunza farasi, Nairobi. Likizo za shule nilikuwa namtembelea, na siku za mbio nilimwona akiondoka alfajiri na farasi kwenda uwanja wa Ngong Road. Walikwenda kwa lori, lori la bodi ya mbao lililoinuliwa pembeni. Masaisi walisimama humohumo nyuma na farasi, mkono mmoja kwenye hatamu.

Walikuwa na lugha ya kugonga. Saisi akigonga bodi mara moja, dereva hupunguza mwendo. Akigonga mfululizo, simama. Dereva hakuwa na ubishi, maana aliye nyuma ndiye anayeona. Baba mdogo alisema farasi hutoa habari mapema: kabla hajateleza hupanua miguu, hukaza shingo, hurudisha masikio nyuma. Ukigonga wakati huo hakuna kitakachotokea. Ukisubiri aanguke, utagonga bure.

Nimelifikiria lori lile sana wiki hizi.

Trela halina saisi. Hakuna mwenye akili anayepanda ndani na farasi likitembea, na haifai kabisa. Kwa hiyo dereva amekaa kwenye kiti laini, kiyoyozi kinapuliza, redio inaimba, na nyuma yake kuna abiria aliyesimama kwenye daladala lisilo na bomba la kushikilia, asiyeiona kona inakuja. Karibu asilimia 60 ya uzito wa farasi hukaa miguu ya mbele, kwa hiyo breki ya ghafla humuumiza kuliko tunavyodhani. Hutumia misuli yake safari nzima ili tu asianguke. Watafiti waliowaacha farasi bila kuwafunga ndani ya trela linalotembea walikuta wengi hupenda kugeuka, wakatazama nyuma. Sisi tunawafunga wakitazama mbele kwa sababu trela limejengwa hivyo.

Siku hizi kuna kamera za kuweka ndani, picha inaonekana mbele ya dereva. Zinafaa ukiwa kwenye taa nyekundu. Barabarani sizipendi, macho ya dereva yana kazi nyingine.

Kwa hiyo kila unachochagua na kila unachokagua kabla ya kuondoka kinachukua nafasi ya ule mkono uliokuwa unagonga bodi. Nilipoliona jambo kwa namna hiyo, nikaelewa kwa nini nilikuwa mkali kwa shemeji kuliko hali ilivyodai.

## Milimita nane

Kuna kosa moja ambalo naliogopa kuliko tairi kupasuka. Tufe la chuma ambalo trela hushikia huja kwa saizi tofauti. Matrela ya farasi mengi hutumia la inchi 2 au la inchi 2 na 5/16. Tofauti yake haifiki milimita 8. Kikombe cha trela la saizi kubwa kikiwekwa juu ya tufe dogo, kinakaa. Unafunga komeo, linafunga. Unazunguka mtaani, halitoki. Linatoka kwenye tuta, au mahali barabara inapozama ghafla na pua ya trela kuruka juu.

Saizi imechongwa juu ya tufe lenyewe, na ile ya kikombe imeandikwa kwenye chuma chake. Soma vyote viwili. Kisha, ukishafunga komeo na kuweka pini, inua pua ya trela kwa jeki yake. Kama sehemu ya nyuma ya gari inainuka pamoja nayo, wameshikana kweli.

Chini ya hapo minyororo miwili hupita kwa kupishana, wa kulia kwenda kushoto na wa kushoto kwenda kulia. Sababu yake naipenda: trela likichomoka, pua huangukia juu ya msalaba wa minyororo badala ya kuchimba lami. Halafu kuna kebo nyembamba ya swichi ya dharura, ambayo wengi huiona pambo. Trela likikatika kabisa, kebo huchomoa pini, na betri ndogo iliyo kwenye trela huzikaza breki zake lenyewe. Kebo hiyo ifungwe kwenye gari lenyewe. Usiifunge kwenye tufe, maana tufe likichomoka na kebo imekwenda nalo.

Betri yake ijaribiwe. Chomoa pini kwa mkono trela likiwa tupu, jaribu kulivuta taratibu. Magurudumu yakizunguka bila kukaza, una sanduku la plastiki lenye betri iliyokufa.

## Tairi zinazong'aa

Turudi kwa muuzaji wetu kidogo. Tairi zake ziling'aa kwa dawa, na mifereji yake ilikuwa bado na kina kizuri. Lakini kwenye ubavu wa tairi yoyote ya hapa Marekani kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari wake tarakimu nne. Zake zilisomeka 3212. Wiki ya 32, mwaka 2012.

Tairi la trela la farasi hufa kwa uzee kabla ya kwisha. Linasimama uani miezi kadhaa, jua linalipiga upande mmoja, mpira unakauka ndani, kisha Jumamosi moja linabebeshwa mzigo mzito na kupelekwa kwenye lami ya joto. Mafundi wengi hushauri kubadilisha kila baada ya miaka mitano au sita, hata kama halijawa kipara. Na usiweke tairi za gari dogo. Za trela zina alama ya ST na kuta ngumu zaidi.

Jambo jingine linalosahaulika ni mwendo. Barabara kuu ya I-75 nje ya mji inaruhusu maili 70 kwa saa. Tairi nyingi za trela, zisipoandikwa vinginevyo, zimetengenezwa kwa maili 65. Kibao cha barabarani kimewekewa magari, hakikujua una nini nyuma.

Upepo upimwe tairi zikiwa baridi. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya maili 50 za kwanza kila gurudumu lilipofunguliwa. Beringi zipigwe grisi mara moja kwa mwaka hata kama trela halijaenda mbali. Hayo nayataja na kupita, fundi yeyote atakueleza.

## Utaratibu wa kufunga na kufungua

Hapa sipiti haraka, kwa sababu hapa ndipo watu huumia trela likiwa limesimama.

Kwanza, trela liwe limeshafungwa kwenye gari kabla farasi yeyote hajapandishwa. Trela lisiloshikwa, farasi akikanyaga nyuma, pua hunyanyuka.

Kisha: farasi anaingia, unafunga nondo au mnyororo wa nyuma ya mapaja yake, na baada ya hapo tu ndipo unamfunga kichwa. Kumshusha ni kinyume: fungua kichwa kwanza, halafu nondo ya nyuma. Ukigeuza utaratibu huo umetengeneza mtego. Farasi aliyefungwa kichwa na nyuma kuko wazi ataanza kurudi nyuma, atafika mwisho wa kamba, atahisi ameshikwa, na kuanzia hapo haongozwi na mafunzo tena. Nimeona hatamu ya nailoni ikimchuna farasi nyuma ya masikio hadi mfupa kuonekana. Hatamu ya ngozi ingekatika. Tangu siku ile sifungi farasi safarini kwa kitu kisichokatika.

Na usisimame nyuma yake moja kwa moja unapofunga ile nondo. Simama pembeni, nyosha mkono.

Kamba ya kichwa iwe na urefu wa kumwezesha kuinamisha shingo kiasi. Farasi husafisha kifua chake kwa kuinamisha kichwa. Akikaa saa nyingi kichwa kikiwa juu, vumbi la majani na vijidudu hubaki kwenye njia za hewa, na homa ya mapafu ya safari inaweza kumuua hata baada ya kufika salama. Safari ndefu, simama kila baada ya saa tatu au nne, mpe maji, mwache apumzike kabla ya kuendelea. Fungua matundu ya hewa hata kama wewe unaona baridi. Yeye ni jiko la kilo 500.

Ukivuka mpaka wa jimbo, uwe na karatasi zake: majibu ya kipimo cha Coggins, kinachotafuta upungufu wa damu wa kuambukiza wa farasi, na cheti cha daktari wa mifugo.

## Trela likianza kucheza

Ukitoka Lexington kwenda kusini, I-75 inashuka hadi Clays Ferry, daraja refu lililo juu sana ya Mto Kentucky, kisha inapanda upande wa pili. Pale upepo hupiga kutoka ubavuni. Ukiongeza lori la magurudumu kumi na nane linalokupita kwa kasi, ndipo utajua kama trela lako limepangwa vizuri.

Linaanza kwa kugusa tu. Usukani unakuwa mwepesi, kioo cha pembeni kinaonyesha kona ya trela, halafu haionekani, halafu inaonekana tena.

Mguu utataka kukanyaga breki. Usiusikilize. Ukikanyaga, gari linapungua mwendo na trela linaendelea kulisukuma, mchezo unakuwa mkubwa zaidi. Wala usikanyage mafuta. Ondoa mguu polepole, shika usukani unyooke, usijaribu kuyafuata mayumbo yake. Na kama umefungiwa kidhibiti cha breki za trela, kile kisanduku chenye kitufe karibu na goti, kibonyeze kwa mkono. Kinakaza breki za trela peke yake, linavutwa nyuma na kunyooka.

Ndiyo maana nilimwambia shemeji kwamba pesa za kidhibiti hicho zitoke kabla ya pesa za rangi. Majimbo mengi hulazimisha breki kwa trela linalozidi pauni 3,000, lakini breki za umeme bila kidhibiti ndani ya gari hazikusaidii ukiwa unaendesha. Na kirekebishwe kila uzito unapobadilika. Kikiwa dhaifu, trela linakusukuma. Kikiwa kikali, farasi anatupwa mbele kila ukigusa.

Sababu ya kuyumba mara nyingi ni uzito kukaa nyuma, pua nyepesi kuliko ile asilimia 10, au mwendo tu. Mbele zaidi, ukiingia Tennessee, kuna Mlima Jellico. Huko gia hushushwa kabla mteremko haujaanza. Ukisubiri kunusa breki, umechelewa.

Kona zina kanuni moja ambayo imenichukua muda kuizoea: kutoka kwenye kona hakuishi mpaka trela limenyooka. Gari langu limeshanyooka, mguu unataka kuongeza mafuta, kumbe farasi bado yuko katikati ya kona, amejiegemeza ukutani. Natazama kioo. Nikiona ubavu mmoja wa trela umezama nyuma ya gari, ndipo naongeza.

## Nani alilinunua?

Narudi kwenye lile la kijivu, maana halijaniacha.

Kentucky haina ukaguzi wa kila mwaka wa magari. Hakuna mtu atakayelifunua lile trela kwa lazima. Wakati mwingine najiambia pengine aliyelinunua ni fundi. Mbao zilizooza si mwisho wa trela. Unazing'oa, unaweka mbao nene za mwaloni au misonobari iliyotiwa dawa, unaacha upenyo mdogo kati yake maji yapite, na mwisho wa wiki umepata sakafu bora kuliko ya kiwandani. Bei yake haitishi.

Lakini tulilala chini siku ile, mimi na tochi. Mihimili ya chuma inayobeba mbao, ile inayopita kutoka ubavu hadi ubavu, miwili ilikuwa imevimba kutu, na nilipoipiga kwa kitako cha kisu ilitoa magamba. Ubao hubadilishwa. Mhimili ulioliwa unataka mtu wa kuchomelea anayejua anachokifanya, na kwa trela la umri ule hesabu haikubali.

Nilimwambia muuzaji hivyo, waziwazi, mbele ya shemeji. Alitikisa kichwa kwa adabu. Nimejiuliza kama ningelinunua mwenyewe nikalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha nikajicheka. Mashamba ya hapa yana matrela ya namna hiyo nyuma ya mabanda mengi, na mimi si benki. Bado sijapata jibu ninaloliamini.

## Tulipofikia

Shemeji hakununua trela. Nilimfanyia hesabu nyingine: binti anahitaji kumsafirisha farasi mara chache kwa mwaka, na katika mji huu wapo watu ambao kazi yao ni hiyo, wana magari makubwa, bima, na uzoefu wa miaka. Kukodi safari chache ni nafuu kuliko kumiliki trela, pikapu ya kulivuta, tairi zinazozeeka uani na mikeka ya kuinua. Wauzaji hawakuambii hivyo na wapenda farasi hawapendi kusikia. Mtu anayesafiri kila wiki, ndiyo, anunue, na anunue pikapu kwanza.

Binti ndiye hakuridhika. "Mjomba," akaniambia, "basi nifundishe, nikiwa na langu nisipate shida."

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada tunakwenda kwenye maegesho ya kanisa yakishakuwa matupu, na pikapu yangu na trela bapa la kubebea mbao. Nimempanga koni za plastiki. Kurudi nyuma ndiko kunakowashinda watu wazima, kwa sababu trela huenda kinyume na usukani. Nilimwambia ashike usukani chini kabisa, na asogeze mkono upande anaotaka trela liende. Akaingia kati ya koni bila kugusa hata moja, taratibu, akasimama, akashuka kwenda kuangalia, akapanda tena.

Baba yake akasema na yeye ajaribu. Alilikunja trela mpaka kona yake ikakaribia taa ya nyuma ya pikapu yangu, nikapiga kelele, akashuka akisema usukani wa gari langu una kasoro. Jumapili ijayo anarudia, na nimemwambia atumie gari lake.